Kigari Kilichogoma Asubuhi

Juzi nilikuwa nimemsuka binti yangu, nikampaka mafuta ya nazi kichwani, halafu kwa haraka zangu nikaingia garini bila kunawa mikono. Gari lilikuwa limepigwa jua tangu asubuhi. Nilipoushika usukani, harufu ya nazi na ya plastiki iliyopata moto zikanijia puani kwa pamoja, nikabaki nimekaa, ufunguo mkononi, nimesahau nilikokuwa nakwenda. Binti yangu akaniuliza, "Mama, vipi?" Nikamwambia nimemkumbuka Bibi. Yeye hakumdiriki Bibi akiwa hai, kwa hiyo alinitazama kidogo kisha akarudi kwenye simu yake.

Sisi tuliolelewa Kisauni, hata kama leo tunajipaka losheni za duka, tunajua kwamba mafuta ya nazi hayakuwa mafuta tu. Mtoto akikohoa, alipakwa kifuani. Mwanamke akijifungua, alikandwa nayo. Mlango ukilia, bawaba zilitiwa matone. Bibi yangu, mamake baba, aliyapika mwenyewe nyumbani kwetu Junda. Tui lilichemka mpaka mafuta yakajitenga, na sisi watoto tukagombea makapi matamu yaliyobaki chini ya sufuria. Kama kulikuwa na ugonjwa ambao mafuta hayo hayakuuponya, Bibi alisema ni kwa sababu mgonjwa hakukandwa vya kutosha.

Mgonjwa wake wa maisha alikuwa Shangazi Rukia, dada mdogo wa baba. Polio ilimpata akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, ikaondoka na nguvu za miguu yake yote miwili. Madaktari walimwambia Bibi kwamba miguu ile haitarudi. Bibi aliwasikia vizuri, akawashukuru, na jioni hiyo hiyo akaanza kuikanda. Aliikanda kila baada ya sala ya magharibi, miaka nenda miaka rudi, mpaka mwanawe akawa mtu mzima, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimjua kwa mabuibui yake. Mimi nilipopata akili nilimkuta shangazi akinyoosha miguu mkekani jioni, Bibi akiimiminia mafuta, nikadhani ndivyo mashangazi wote wanavyomaliza siku.

Shangazi Rukia alishonea nyumbani, kwenye cherehani ya kuzungusha kwa mkono, mkono mmoja ukizungusha na mwingine ukiongoza kitambaa. Wateja walimfuata uani. Lakini alichokitaka yeye kilikuwa kibanda cha kando ya barabara kule Mlaleo, mahali ambapo mpita njia angeziona nguo zimetundikwa, akasimama, akauliza bei. Kibanda kilipatikana mapema. Tatizo lilikuwa kufika. Ilibidi baba ambebe mgongoni mpaka barabarani, au kijana wa jirani amsukume kwenye mkokoteni pamoja na cherehani yake, na shangazi alichukia kubebwa kuliko alivyochukia njaa. "Nshabebwa vya kutosha," alikuwa akisema. "Nilibebwa nikiwa mtoto, na nitabebwa nikienda makaburini. Hapa katikati niacheni."

Basi binamu yao mmoja aliyekuwa akifanya kazi Maskati akaleta kigari. Kilikuwa cha mkono wa pili, cha rangi nyekundu iliyopauka, chenye magurudumu matatu, kiti cha kuzunguka, kikapu mbele, na usukani ulioinuka mpaka kifuani. Kilitumia betri. Hakikuwa na pedali wala gia; palikuwa na ufunguo, na chini ya usukani palikuwa na kijiti cha plastiki cheusi cha kusukuma kwa kidole gumba. Ukikisukuma, kigari kinakwenda. Ukikiachia, kijiti kinarudi chenyewe katikati na kigari kinasimama. Ni hivyo tu, na kwangu mimi yalikuwa maajabu makubwa kuliko ndege.

Siku kilipofika, ua wetu ulijaa watu. Shangazi alikaa, akasukuma kijiti, akakizunguka kisima, akarudi. Akazunguka tena. Sijawahi kuona mtu akizunguka kisima kwa furaha namna ile. Mara ya mwisho alisimama mbele ya Bibi, jasho likimtoka, akicheka, akapigapiga usukani kwa kiganja. "Mama," akasema, "pumzisha mikono sasa. Miguu yangu ni hii hapa."

Watu wote walicheka, na Bibi alicheka nao. Kisha akaenda kunawa mikono, ingawa mikono ile haikuwa na kitu.

Tangu siku hiyo shangazi alikwenda Mlaleo mwenyewe. Alitoka asubuhi watu wakiwa bado wanachovya mahamri kwenye chai, cherehani imefungwa kamba kikapuni, buibui limekusanywa vizuri lisiingie magurudumuni. Alirudi karibu na magharibi, amechoka kama watu wengine wanavyochoka, na uchovu ule ulimpendeza. Akishaswali alibaki juu ya msala chumbani akisoma nyuradi zake. Hakunyoosha tena miguu mkekani. Hakuna aliyesema neno juu ya hilo, na mimi nisingelitambua kama nisingemwona Bibi.

Kigari kililazwa ukumbini, kando ya mlango, waya wa chaji ukiwa umechomekwa. Wakati shangazi yuko kwenye nyuradi, Bibi alikuja na chupa yake, akaketi kwenye kigoda, akajimiminia mafuta kiganjani, akayasugua mpaka yakapata joto, halafu akakipaka kigari. Alianza na mikono ya kiti. Akaja kwenye usukani. Akamalizia na kijiti cheusi, akikipitisha katikati ya vidole vyake huku na huku, taratibu, na midomo yake ikisoma yale maneno aliyokuwa akinisomea mimi nikiwa na homa. Mimi nilikaa karibu naye, nikitazama. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nilipakwa na kusomewa vile vile nikalala, nilielewa mara moja anachokifanya. Bibi alikuwa anakilaza.

Sikumwambia mtu, kwa sababu sikuona kuwa ni habari. Kila kilichokuwa na uhai nyumbani mwetu kililazwa na Bibi. Nilichokishangaa ni kwamba watu wengine hawakujua kwamba kigari kilikuwa hai.

Miezi ya joto ikapita hivyo, kigari kikang'aa, majirani wakasifu. Kisha kipupwe kikaingia. Nyinyi mnaotoka bara mtacheka mkisikia watu wa pwani wakilalamikia baridi, lakini alfajiri za mwezi wa saba Junda tulijifunika leso mbili, na maji ya kisimani yalituuma meno. Asubuhi moja ya aina hiyo shangazi alikaa kitini, akafungua ufunguo, na kigari hakikwenda. Taa ndogo kwenye usukani iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima, na kitu ndani kikapiga vilio vifupi.

"Amelala bado," nikasema.

Walicheka wote. Mama akaniambia nikanywe chai. Baba akambeba shangazi mpaka kwenye tuktuk, naye shangazi akageuza uso asitazamwe na mtu. Adhuhuri, mama aliporudi kutoka dukani, alijaribu kufungua ufunguo, akasukuma kijiti, na kigari kikaondoka na nusura kimgonge kuku.

Ikawa hivyo kwa siku kadhaa. Asubuhi kinagoma, mchana kizima. Shangazi alichunguza chaji kwanza. Taa ya kijani iliwaka, betri zilijaa. Akamwita Fundi Kalama, aliyetengeneza pikipiki na redio pale karibu na msikiti. Fundi alipata nafasi ya kuja alasiri, na alasiri kigari kilikuwa na adabu kuliko mtoto wa mwalimu. Alikifungua kiti, akapima betri, akakaza nyaya, akakizunguka kisima yeye mwenyewe mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

"Bi Rukia, sioni ubaya," akasema. "Moto upo, breki yaachia vizuri. Hichi kizima."

"Ungekuja asubuhi ungekiona."

"Asubuhi nitakuja, inshallah. Lakini nimekaza kila kilicholegea. Kilichobaki sikijui, na siwezi kukudanganya."

Shangazi alimheshimu sana kwa neno hilo. Majirani, wao, hawakuwa na ugumu wa kujua. Bi Mwanakombo wa nyumba ya pili alisema ni jicho, kwamba kigari kimesifiwa mno na watu wasiosema mashallah, kitafutiwe hirizi ifungwe usukanini. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwuliza kwa upole, "Na jicho gani hilo, dada, lafanya kazi asubuhi tu? Mchana laenda wapi, kazini?" Bi Mwanakombo akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, lakini alipoondoka alikisomea kigari kidogo, kwa tahadhari.

Siku mbaya ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na manyunyu na baridi. Shangazi alikichezea kile kijiti, akakisukuma huku na huku mpaka vile vilio vikakoma, na kigari kikaondoka. Alifika barabara ya lami. Akaachia kijiti asimame, asubiri nafasi ya kuvuka, na kigari hakikusimama. Kiliendelea kutambaa, polepole, kikaingia barabarani. Lori lililokuwa likija likapiga honi na kukanyaga breki. Shangazi aliwahi kuzima ufunguo, kigari kikasimama pale pale njiani, na alipoufungua tena, kikaanza kulia vile vilio vyake. Vijana wa bodaboda wakakimbilia. Mmoja akamwinua yeye, wengine wakakiinua kigari, na ndivyo alivyorudi nyumbani, amebebwa na mtu asiyemjua, barabara nzima ikitazama.

Baba alikuja akiwa amekimbia. Alikuwa mtu mpole, na siku ile hata salamu hakutoa.

"Rukia, mimi si adui yako," akasema. "Lakini sitaki kuja kukuokota lamini. Kikigoma tena, au kikienda bila kuambiwa, hakitoki hapa. Nitakifunga mnyororo mpaka tumpate mtu wa kumpa."

"Na mimi je, Kaka? Utanifunga wapi?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kinywani.

"Nipe mpaka Jumatatu," shangazi akasema. "Jumatatu asubuhi, ufunguo nitakupa wewe mwenyewe ukijaribu. Kikikataa mbele yako, sitasema neno."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Mimi nililia. Nilijua vizuri kwamba shangazi bila kigari angerudi kuwa yule wa zamani aliyekaa uani akiwasubiri watu wamfuate, na sikumtaka yule, nilimtaka huyu. Lakini aliyeogopa kuliko sisi sote alikuwa Bibi. Jioni ile alikaa na kigari muda mrefu, akakipaka mafuta mengi kuliko siku zote, na kile kijiti akakisugua kama anayekibembeleza.

Jumamosi, kigari kilipokwisha kuzinduka, shangazi alikileta uani, akajishusha kwenye mkeka kando yake, akakunja mikono. Hakushika bisibisi. Hii ndiyo tabia yake ambayo nimejaribu kuiiga maisha yangu yote na bado inanishinda. Cherehani ikimsumbua, watu wengine wangekwisha kuifungua vipande vipande. Yeye aliitazama kwanza, akaiuliza maswali kwa sauti, kama daktari na mgonjwa. Siku ile alinifanya mimi niwe mdomo wa kigari.

"Saumu."

"Abee, shangazi."

"Nambie, jana barabarani kilifanya nini?"

"Kilikwenda ukikiambia simama."

"Hakikugoma basi. Kilichelewa kusikia. Mtu akichelewa kusikia, ni mkaidi?"

"Labda ana nta masikioni."

Alinitazama kama mtu aliyepewa zawadi. "Labda," akasema. "Sasa asubuhi na mchana, tofauti ni nini?"

Nikafikiri. Nikamwambia asubuhi kuna mahamri na mchana kuna wali. Akasema kigari hakili, tuendelee. Nikasema asubuhi baba yupo na mchana hayupo. Akacheka, akasema kigari hakimwogopi baba, yeye ndiye anayemwogopa. Nikasema asubuhi kuna baridi.

"Haya," akasema. "Hilo tulijaribu."

Jumapili alfajiri akamwomba mama akisukume kigari mpaka uani, kwenye kona inayopata jua mapema, na kwa kuwa kilikuwa kimegoma, mama alilegeza ile breki ya nyuma inayoyashika magurudumu kikizimwa, kama Fundi Kalama alivyomwonyesha. Tukakaa tukikitazama kikiota jua. Shangazi alijaribu ufunguo; vilio. Akangoja, akajaribu, vilio. Jua lilipopanda juu ya ukuta na kuupiga usukani sawasawa, akajaribu tena, na taa ikawaka ikatulia. Kiliondoka. Siku nyingine kisingeondoka mpaka adhuhuri.

"Kwa hiyo ni baridi," akasema peke yake. "Lakini baridi ya kitu gani? Chuma hakigandi."

Ndipo mama aliponiita nipakwe mafuta kichwani. Nilikuwa nimetoka kuoga, nikaja na chupa ya Bibi. Mama akaipindua juu ya kichwa changu, na hakikutoka kitu. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe tupu, kama kila mwaka wakati ule. Mama akasonya, akaniambia niiweke juani iyeyuke. Nikaenda kuiweka pale palipokuwa na jua, kando ya gurudumu la kigari.

Shangazi aliitazama ile chupa. Akaichukua, akaipindua, akaitazama tena. Kila fundi cherehani anajua kwamba mashine haitiwi mafuta ya nazi, kwa kuwa yataganda na vumbi na kuishika. Yeye mwenyewe niliwahi kumsikia akimgombeza mwanafunzi wake kwa kosa hilo. Akajivuta mpaka usukanini, akakisukuma kile kijiti, akakiachia, akakitazama kinavyorudi katikati. Kisha akainama akakinusa.

"Saumu," akasema kwa sauti ya chini. "Nani alitia mafuta hapa?"

"Bibi."

"Bibi?"

"Hukilaza," nikasema. Nilishangaa kwamba hajui. "Kila magharibi, wewe ukiwa kwenye nyuradi. Hukipaka hapa, na hapa, na hapa kwenye kidole chake, na hukisomea. Halafu hulala."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomwambia ndiyo miguu yako."

Jikoni Bibi alikuwa akikuna nazi, na sauti ya mbuzi yake ya kukunia ilitufikia, kwaru, kwaru. Kijiti bado kilikuwa katikati ya vidole vya shangazi. Macho yake yakajaa machozi. Mimi nikaona mambo yameharibika, nikadhani Bibi atagombezwa, na kwamba ni mimi niliyemponza. Kisha shangazi akajiziba mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika, na nikaona kumbe anacheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona likifanywa na mtu mzima.

"Njoo hapa," akaniambia, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. "Hili ni letu wawili. Umenisikia? Bibi asijue."

Akashika bisibisi, ile ndogo ya cherehani. Akafungua kifuniko cha usukani, na humo ndani tukayaona: mafuta ya nazi ya miezi, yamechanganyika na vumbi la Mlaleo na nyuzi za vitambaa, yamekuwa uji mzito wa kijivu. Ulikuwa umekizunguka kijiti na springi yake ndogo. Mchana uji ule uliyeyuka, springi ikakivuta kijiti mpaka katikati, na kigari kikatii. Asubuhi uliganda, kijiti kikabaki kimeegemea upande kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na kigari kikakataa kuwaka kwa kudhani kuna mtu anayekisukuma. Leo najua kwamba kimetengenezwa hivyo makusudi, kisimrukishe mtu anapofungua ufunguo. Wakati ule shangazi hakuwa na wa kumwambia hayo. Aliyajua kwa kutazama, akanieleza mimi mtoto mpaka nikaelewa, na sijapata mwalimu mwingine wa namna ile.

Alisafisha kwa spiriti na mabaki ya vitambaa, vipande vyeupe vikatoka vimekuwa vyeusi. Kila kona aliiingia kwa ncha ya sindano. Kazi yangu ilikuwa kumpa vitambaa na kushika skrubu kwenye bakuli. Mwisho akaitia springi tone la mafuta ya cherehani, mepesi, yasiyojali baridi, akafunga kifuniko. Akakisukuma kijiti na kukiachia. Kikarudi katikati kwa mlio mdogo, tak. Akakirudia tena na tena, tukisikiliza tu ule mlio.

Lakini magharibi ilikuwa inakuja, na mimi nilikuwa na hofu ambayo sikuweza kuisema. Bibi atakuja na chupa yake. Atakilaza tena, na kesho asubuhi baba atafungua ufunguo.

Adhana ikaisha, watu wakaswali. Bibi akatoka chumbani na chupa, akaelekea ukumbini kwenye kigari. Na pale, kwenye mkeka mbele ya kigoda chake, akamkuta shangazi ameketi. Hakuwa kwenye nyuradi. Buibui alilikunja mpaka magotini na miguu yake miembamba alikuwa ameinyoosha.

"Mama," akasema, "miguu yaniuma. Nikande."

Bibi alisimama na chupa yake. "Miguu yako si ile?" akasema, akionyesha kigari kwa kidevu. Hakusema kwa hasira. Lilikuwa neno la mtu aliyelibeba muda mrefu.

"Ile haina mama," shangazi akasema. "Hii inaye."

Bibi aliketi kwenye kigoda, taratibu, akavuta mguu mmoja akauweka pajani mwake. Akajimiminia mafuta, akayasugua viganjani. Na alipoanza kukanda, niliona mikono yake inakwenda yenyewe pale inapopajua, chini ya goti, kwenye kifundo, katikati ya vidole, na midomo yake ikaanza kusoma. Shangazi alifumba macho. Siamini kwamba ilikuwa hila tu ya kuwaweka mbali Bibi na kigari. Nadhani miguu ilimwuma kweli, muda wote ule, na hakuwa amepata namna ya kuomba. Chupa ilipowekwa chini ilikuwa karibu tupu. Mimi nikalala pale pale mkekani, bila kupakwa wala kusomewa.

Jumatatu asubuhi ilikuwa na baridi kuliko zote. Baba alitoka akiwa amevaa sweta, uso mzito. Shangazi alikuwa ameshakaa kitini, cherehani imefungwa kikapuni. Akampa ufunguo. Baba akauzungusha, na taa ikawaka, ikatulia. Hakikulia hata kilio kimoja. Baba akasukuma kijiti, kigari kikaondoka. Akakiachia, kikasimama hapo hapo. Akajaribu tena. Akajaribu mara nyingi, kama mtu anayetafuta uongo, kisha uso wake ukafunguka na nikaona kwamba naye alikuwa akiomba kisigome.

"Kilikuwa na nini?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Shangazi akanitazama, mara moja tu.

"Baridi," akamjibu kaka yake. Ukilitazama vizuri, lilikuwa jibu la kweli kabisa. Kisha akakusanya buibui, akatutakia siku njema, akatoka getini, na Bibi akasimama kumtazama mpaka alipopinda kona.

Hakuna aliyemwambia Bibi. Mimi sikusema, na shangazi alikwenda na siri hiyo mpaka Bibi akafa. Lakini nina jambo moja nililoliona kwa macho yangu, na nimelifikiria sana kadiri ninavyokua. Tangu jioni ile, Bibi alipomaliza kuikanda miguu ya mwanawe, aliondoka akaenda kunawa kwa sabuni, mpaka viwikoni, akajifuta kwa leso, ndipo akapita karibu na kigari. Alifanya hivyo kila jioni. Na kigari hakukigusa tena.

Haya yote niliyakumbuka juzi, nimekaa garini, mikono imeshika usukani wenye moto. Nikampigia shangazi simu. Bado yuko Junda, bado anashona, ana kigari kingine sasa, cha buluu, na wanafunzi wanaomwogopa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko Mikindani?"

"Hatujambo. Nakuja jioni hii. Nakuja kukukanda miguu."

Nyuma yake nilisikia cherehani ikizungushwa, kisha ikasimama.

"Nani aliyekufunza kukanda?"

"Nilikuwa nikitazama."

"Haya, njoo," akasema. "Lakini ukimaliza, kabla hujapita kwenye kigari changu, nini?"

"Ninanawa."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka viwikoni, shangazi."